MGEMA HANYWI JUU YA MNAZI

Mimi mwenzenu niko fiti, ila mfukoni pamechacha kidogo. Sababu nitawaeleza, wala haina aibu.

Wiki hii tunaongea mambo mawili ambayo vijana wa mjini tunayapenda sana halafu yanatuliza: mshiko na kilaji. Wale ambao dini haiwaruhusu kilaji msifunge ukurasa. Hesabu za mshiko ni za wote, na soda ipo.

Kisa chenyewe kinamhusu binamu yangu. Ni fundi ujenzi, anakaa Mbagala, mkono wake ni mzuri na hata wabaya wake wanakubali. Miezi michache iliyopita alipata kazi kwenye kampuni moja ndogo ya ujenzi, jina kapuni. Kazi ilikuwa kupiga lipu, kumwaga sakafu na kupaka rangi fremu sita za maduka. Vifaa vyote vya kampuni, yeye aje na ufundi na vijana wake. Bei: sh. 4,000,000.

Milioni nne! Kwa mara ya kwanza maishani binamu hakuitwa kibarua, aliitwa mkandarasi. Karatasi akaisaini amesimama, kalamu kaazima kwa mlinzi. Mistari ya chini hakuisoma, kwani mtu aliyekwisha kuiona milioni nne atasoma nini tena?

Jioni ile ile nikapigiwa simu: "Kaka, njoo tuioshe kandarasi."

Nikaenda. Na wewe ungeenda.

Baa ilikuwa imechangamka kinoma. Binamu kakaa katikati, watu wa kona nzima wanamwita "mkandarasi", naye kila akiitwa hivyo anaagiza. Mhudumu akamnong'oneza kuwa watu wa hadhi yake siku hizi hawanywi bia, wanakunywa mvinyo wa ogani. "Huu hauna kemikali kaka, unamaliza chupa mbili na asubuhi unaamka kama hukunywa kitu." Chupa yenyewe ilichorwa jani la kijani, inapendeza kweli. Zikaja mbili, zikaja nne. Nyama choma juu, na kreti za bia kwa wale wa kona.

Bili ilikuwa sh. 450,000. Binamu hakuwa na senti, kazi hata haijaanza. Akaandikwa kwenye daftari la kaunta, alipe siku ya malipo.

Asubuhi tuliamka na mning'inio wa kufa mtu. Ogani au si ogani, kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo.

Sasa sikia mwisho wake. Kazi ikaisha, safi kabisa. Siku ya malipo binamu akaletewa sh. 3,420,000. Akaihesabu mara tatu, ikabaki pale pale. Laki tano na themanini hazipo. Akataka kuzua kasheshe pale pale saiti, akidai amepigwa changa la macho.

Kumbe hakuibiwa. Ile mistari ya chini ilisema kampuni itashikilia asilimia 10 ya bei kwa miezi sita, ili kama lipu itapasuka arudi kurekebisha. Hiyo ni sh. 400,000. Ikabaki 3,600,000. Kwenye hiyo wakakata asilimia 5, kodi ya zuio, ambayo sheria inamtaka anayelipia huduma aikate na kuipeleka TRA. Hiyo ni sh. 180,000. Jumla 580,000. Hesabu imekaa sawa kama pembe ya fundi.

Tatizo ni upande wa pili. Vijana wake wanne aliwaahidi sh. 650,000 kila mmoja, jumla 2,600,000. Chakula, nauli na kukodi jukwaa la kupandia, sh. 520,000. Ukijumlisha ni 3,120,000. Ina maana hata baada ya makato yote alibakiwa na laki tatu taslimu, na laki nne nyingine ziko njiani. Si haba.

Lakini mwenye baa alikuwa anamsubiri getini na daftari lake! Laki nne na nusu zikaenda pale pale. Binamu akabaki anadaiwa 150,000, na anayemdai ni yule dogo wa mwisho, mbeba zege, ambaye mwenye nyumba wake alikuwa keshamwekea vyombo nje. Dogo hakupiga kelele. Alikaa tu juu ya ndoo ya rangi, kimya. Jamani, ile kimya ilituuma kuliko matusi.

Mimi nilikuwa na elfu thelathini, nikaitoa. Ndiyo maana nimewaambia mfuko umechacha, maana na zile chupa nilizinywa na mimi. Kwa zilizobaki ikabidi twende kwa mjomba.

Mjomba wetu yuko Kinjumbi, wilayani Kilwa. Pale Mbagala Rangi Tatu tukapanda basi la kusini, tukapita Kibiti, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hadi Somanga, pale ambapo barabara ilikatika Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya. Tukashuka, tukamalizia kwa bodaboda.

Mjomba ni mgema. Tulimkuta ndiyo anateremka mnaziini na kibuyu kiunoni, mzee wa miaka sitini na kitu lakini anashuka kama kima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wajomba zangu. Nyie watu wa mjini, mkija bila msiba wala harusi basi mna deni."

Tukacheka kwa aibu. Akatukaribisha kwenye mkeka, akatumiminia tembo kidogo kidogo kwenye kata. La asubuhi, tamu kama maji ya madafu yaliyotiwa sukari. Binamu akaeleza yote, hadi ile habari ya mvinyo wa ogani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Hizo chupa mlikunywa kabla ya kazi au baada ya kazi?"

"Kabla, mjomba."

"Mimi nina mwaka wa arobaini kwenye kazi hii. Mgema hanywi juu ya mnazi. Anashuka kwanza."

Kisha akatuonyesha vibuyu vitatu vya siku ile. Minazi mingine anayogema si yake, na kwa mapatano yao kibuyu kimoja katika vitatu ni cha mwenye shamba. "Nikiwa juu naona vitatu, lakini kichwani mwangu vyangu ni viwili. Ningekuwa nahesabu vitatu ningekuwa nagombana na mwenye mnazi kila siku, na ningekuwa nimekopa kwa kibuyu ambacho si changu." Ukutani kwake ana alama za mkaa: nani kachukua, nani kalipa, nani bado. Ndilo daftari lake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na mjomba hakusoma zaidi ya darasa la nne.

Binamu akalalamika kwamba kodi ya asilimia 5 ni uonevu. Mjomba akatikisa kichwa. Akasema watu wa upande huu hawahitaji kufundishwa uonevu wa kodi na malipo, wanao kwenye historia. Na kweli. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Halafu wakaja na mashamba ya pamba ya lazima, watu wanalimishwa, na malipo yake yalikuwa madogo hivi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, huko huko wilayani Kilwa, wakaing'oa ile pamba, na Vita vya Maji Maji vikawaka. Wale hawakuwa na karatasi ya kusoma kabla ya kuanza kazi, wala mahali pa kudai.

"Nyie mnayo karatasi," mjomba akasema, "mkaisaini mmesimama."

Binamu akainamisha kichwa kama amemwagiwa maji.

Haya, tuingie kwenye somo lenyewe, maana wengi wenu ni mafundi, wapiga picha za harusi, madijei, watengeneza kompyuta, mnalipwa kwa kazi na si kwa mwezi. Kabla hujaosha kandarasi, jua haya.

Kwanza, mshahara na kandarasi ni vitu viwili tofauti. Aliyeajiriwa, mwajiri humkatia kodi kila mwezi. Tangu Julai 2020 anayepata hadi sh. 270,000 kwa mwezi hakatwi kitu, na tangu Julai 2021 kipande cha kwanza kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 8. Halafu ana NSSF: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, iliyobaki ni ya mwajiri. Wewe wa kandarasi huna mwajiri wa kukuchangia. Ukiumwa, ni juu yako. Ukizeeka, ni juu yako. Kwa hiyo bei yako haitakiwi kulingana na mshahara wa siku wa mwenzako aliyeajiriwa, lazima iwe juu yake. Usijipunje halafu ukajiita mkandarasi.

Pili, asilimia 5 ya kodi ya zuio si pesa iliyopotea. Ni kodi yako ya mwaka uliyolipishwa mapema. Mwenye kukata anatakiwa kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na akupe cheti cha kodi ya zuio. Cheti hicho ndicho pesa! Ukipeleka hesabu zako za mwaka, kile kilichokatwa kinapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa. Mtu binafsi ambaye mapato yake ya mwaka yanayotozwa kodi hayazidi sh. 3,240,000 hadaiwi kodi ya mapato kwa viwango hivyo, na kama alikatwa, anaweza kuidai. Lakini anadai kwa cheti, kwa TIN na kwa hesabu zilizoandikwa. Kwa mdomo hapewi mtu.

Piga hesabu ya binamu. Alipata 4,000,000, akatumia 3,120,000 kwa vijana, chakula na jukwaa. Faida yake ni 880,000, siyo milioni nne. Hapo ndipo vijana tunapoingizwa mjini na sisi wenyewe: tunasikia bei, tunadhani ni faida. Na ili TRA wakubali kwamba 3,120,000 zilitumika, lazima uwe na karatasi: risiti, na saini ya kila kijana aliyepokea. Binamu hakuwa na hata moja. Alikuwa na risiti ya baa tu, na ile haipunguzi kodi ya mtu.

Tatu, soma kuhusu fedha inayoshikiliwa. Ni asilimia ngapi, ni kwa muda gani, na itatolewa kwa kufanya nini. Siku ikifika usikae unangoja upigiwe simu, andika barua, nenda nayo, gonga muhuri nakala yako.

Nne, vijana wako kwanza, baa baadaye. Hili halina sheria ndefu.

Sasa kilaji. Nilimuuliza mjomba kama tembo lake ni la ogani. Akauliza ogani ni nini. Nikamwambia ni kitu kilicholimwa bila dawa za viwandani wala mbolea za chumvichumvi. Akacheka mpaka akakohoa. "Nani ana hela ya kupulizia mnazi dawa?"

Na ni kweli. Mgema anakata ncha ya karara, anafunga kibuyu, utomvu unadondoka wenyewe. Chachu inatoka hewani na kwenye kibuyu, haitiwi na mtu. La asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, ukilingoja sana linakuwa siki. Hakuna lebo, lakini hakuna siri. Ila mjomba mwenyewe alituonya: kibuyu kichafu kinaharibu kila kitu, na wagema wengine wanaongeza maji. Ndiyo ile ya wahenga, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo hata kitu cha asili kabisa, ujue nani amekigema. Uraka wa mabibo nao ni hivyo hivyo. Gongo usiniulize, hiyo ni haramu kisheria na imekwisha kupofusha na kuua watu.

Kwa nyie wa chupa, msidanganywe na picha ya jani kama tulivyodanganywa. Neno "asilia" au "natural" kwenye lebo ni maneno ya muuzaji tu. Cha kutafuta ni nembo yenye mwenyewe. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha bidhaa za kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007, na nembo yake inaitwa Kilimohai. Mvinyo wa Ulaya uangalie alama ya jani lililoundwa kwa nyota nyeupe kwenye kijani, na chini yake namba ya aliyeukagua. Lile jani la kwetu siku ile halikuwa na nyota wala namba. Lilikuwa jani tu, mchoraji kajifurahisha.

Halafu usichanganye nembo. Ile stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye vilevi mwaka 2019, inakwambia ushuru umelipwa. Alama ya TBS inahusu ubora. Zote zina kazi na usinywe chupa isiyo nazo, lakini hakuna hata moja inayosema zabibu zililimwa bila dawa. Hata mvinyo wa Dodoma, ambao mimi naupenda na ninawasihi muuonje, kuwa wa nyumbani hakuufanyi uwe wa kilimo hai. Hilo hadi nembo iseme. Bia nayo vivyo hivyo: shayiri na hopsi zenyewe ziwe zimelimwa kwa kilimo hai. Kwenye bia tulizozoea kaunta zetu mimi sijaiona nembo hiyo.

Na ule uongo wa "hauna kemikali, hauumizi kichwa"? Mvinyo mwingi hutiwa salfaiti ili usiharibike. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai mwisho ni miligramu 100 kwa lita, wakati ule wa kawaida mwisho ni 150. Zimepungua, hazijaisha. Isitoshe, kinachokuamsha na nyundo kichwani hasa ni kilevi chenyewe, na kilevi cha kilimo hai ni kilevi vile vile. Kilimo hai ni kizuri kwa shamba na kwa mkulima anayeshika bomba la dawa. Hakikupi leseni ya chupa nne.

Jambo la mwisho kuhusu ile bili. Kwenye chupa kuna ushuru wa bidhaa, na juu yake VAT asilimia 18. Kama baa ile imesajiliwa, ndani ya zile 450,000 mlikuwa na VAT kama sh. 68,600. Binamu aliyeng'aka kwa kodi ya zuio ya 180,000, yenye cheti na inayodaiwa, alilipa hii nyingine huku anaimba. Na hii hairudi.

Mjomba alitupa ile pesa. Aliitoa kwenye kopo la maziwa, noti kuukuu, akazihesabu polepole, kisha akachukua mkaa akachora alama ukutani chini ya jina la binamu. Hakuna mahubiri. Ila akasema kama miezi sita ikipita alama haijafutwa, basi binamu asije na kandarasi nyingine, aje na kamba apande mnazi.

Tuliporudi, dogo alilipwa siku ile ile, vyombo vikarudi ndani. Binamu akaenda kwenye kampuni kudai cheti chake. Walimzungusha njoo kesho, njoo kesho, lakini alikuwa anakwenda na nakala ya barua, na safari ya nne akapewa. Sasa ana daftari. Kubwa, la jalada gumu, kila kijana anasaini. Juzi kapata kazi nyingine, akanipigia simu. Nikadhani ni ya kuosha.

"Kaka, uko na nafasi? Njoo unisomee hii mistari ya chini."

Nilikwenda. Tulikunywa soda.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.